Unabadilisha jiko la nyumbani? Namna ya kumchagua fundi

Makala hii ni kwa ajili yako unayetaka kuachana na mafiga matatu, au kubomoa jiko la zamani lililopasuka, ili ujengewe jiko jipya linalotumia kuni kidogo. Inawahusu wakimbizi wanaoishi kwenye kambi na makazi ya Uganda, Kenya na Tanzania. Inawahusu pia majirani wenyeji, kwa sababu kuni zinatoka kwenye pori lile lile na mara nyingi fundi ni yule yule.

Jiko bovu linakula fedha mara mbili. Kwanza ni fedha uliyomlipa fundi. Halafu kila siku linakula kuni zaidi ya ulivyotarajia. Kwa familia inayouza sehemu ya chakula cha mgao ili inunue kuni, hasara hiyo inaonekana kwenye sahani ya watoto. Kwa mama au binti anayekwenda porini, kila mzigo wa ziada ni safari nyingine, na wanawake wengi wameshambuliwa kwenye safari hizo. Moshi nao unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu inayotokana na kupika na kuwasha moto majumbani ilichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Kwa hiyo chukua muda kumchagua fundi. Ukishika jambo moja tu katika makala hii, liwe hili: usimchague fundi kwa jiko alilolimaliza jana. Mchague kwa jiko alilojenga mwaka jana, ambalo bado linatumika kila siku.

Kila jiko la udongo linapendeza likiwa jipya. Makosa yanaonekana baadaye: mvua zikinyesha, ukuta ukipasuka, masizi yakijaa ndani, au mpishi akigundua kwamba kuni hazijapungua.

KABLA YA KUMTAFUTA FUNDI

Jua kwanza unachotaka. Fundi mzuri atakuuliza maswali haya, na ni vizuri uwe na majibu:

- Mnakula watu wangapi, na sufuria yenu kubwa ina upana gani?
- Mnapika nini zaidi? Maharagwe yanahitaji moto mdogo wa muda mrefu. Ugali unahitaji jiko imara lisiloyumba wakati wa kusonga.
- Mnatumia kuni au mkaa?
- Mnapikia wapi: ndani ya nyumba, kwenye kibanda cha jikoni, au nje?
- Je, mnatarajia kuhamishwa? Jiko lililojengwa chini halihami. Kama hamna uhakika na mahali mnapoishi, jiko la kubebeka linafaa zaidi.

Kama nyumba yenu ilijengwa na shirika, au mmepanga, omba ruhusa kabla ya kutoboa ukuta au paa. Na kabla ya kulipa fedha yoyote, waulize viongozi wenu na mashirika yanayoshughulikia nishati na mazingira kama kuna mafunzo au majiko yanayotolewa bure kwenye eneo lenu.

FUNDI GANI KWA JIKO GANI?

Si kila fundi anaweza kila jiko. Fundi hodari wa kujenga nyumba anaweza kukujengea jiko baya, kwa sababu ukuta mnene ni sifa nzuri ya nyumba, lakini ndani ya jiko udongo mzito unanyonya joto ambalo lingekwenda kwenye sufuria.

Jiko la udongo linalojengwa chini. Hili ni la kuni. Huko Uganda mafundi wengi hulijenga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa au vumbi la mbao. Vipande vya shina la mgomba huwekwa katikati ili kutengeneza chumba cha moto na njia ya moshi, udongo hushindiliwa kuvizunguka, kisha huondolewa udongo unapokaza. Mafundi wengi wa kazi hii ni wanawake waliopata mafunzo kwenye vikundi. Tafuta mtu aliyejenga majiko mengi ya aina hii.

Jiko la mkaa la bati lenye kigae ndani. Jiko hili lilienea Kenya kuanzia miaka ya 1980, na sasa linapatikana masoko mengi ya Afrika Mashariki. Hapa kazi ni ya watu wawili: fundi bati na mfinyanzi. Kama bati bado ni zima na kigae ndicho kimepasuka, huna haja ya kununua jiko jipya. Mwombe fundi abadilishe kigae tu. Kigonge kidogo kwa kidole kabla ya kununua: kilichochomwa vizuri kinalia kama chungu kizima, chenye ufa kinatoa sauti iliyokufa.

Jiko la gesi. Nunua mtungi, mpira na kichwa cha gesi kwa wakala anayeruhusiwa kuuza. Usimpe fundi wa mtaani kazi ya kuunganisha mtungi kwa vipande alivyookota. Gesi inayovuja inaweza kuteketeza nyumba yako na za majirani.

NENDA UKAANGALIE KAZI YAKE

Mwombe fundi akutajie nyumba tatu alizojenga jiko. Angalau moja iwe imepita msimu mzima wa mvua. Fundi anayejiamini atakupeleka mwenyewe. Anayesema "wote wamehama" au anayekuonyesha picha kwenye simu pekee, mwache kwanza.

Ukifika, salimia na omba kuongea na yule anayepika, si mwenye nyumba tu. Mpishi ndiye anayejua. Fundi asiwepo mnapozungumza, maana watu wengi wanaona haya kumsema mtu mbele yake. Muulize:

- Je, unalitumia kila siku, au umerudi kwenye mafiga?
- Mzigo wa kuni uliokuwa ukitosha siku tatu, sasa unatosha siku ngapi?
- Moshi unakwenda wapi? Macho yanawasha?
- Lilipasuka? Fundi alirudi kulitengeneza, na alidai fedha?
- Bei mliyopatana ndiyo uliyolipa?

Kisha tazama kwa macho yako. Nyufa ndogo za juu juu si tatizo. Ufa unaopitisha moshi au mwanga ni tatizo. Masizi meusi ukutani juu ya mlango wa kuni yanaonyesha kuwa moshi unarudi ndani. Ukikuta mafiga matatu yenye majivu ya moto pembeni ya jiko zuri, umepata jibu lako.

MWENYEJI AU MKIMBIZI?

Wengine wanaogopa kumpa kazi fundi wa upande wa pili. Ukweli ni kwamba uzuri wa kazi hautegemei kadi ya mtu. Fundi mwenyeji mara nyingi anajua udongo mzuri unachimbwa wapi na ni shamba la nani. Fundi mkimbizi anaweza kuwa jirani yako, na ni rahisi kumwita jiko likileta shida. Linganisha kazi zao, si makabila yao.

Mwambie pia fundi yeyote asichimbe kichuguu wala kukata nyasi kwenye shamba la mtu bila ruhusa. Ugomvi wa udongo utaletwa mlangoni kwako, hata kama aliyechimba si wewe.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Mafundi wawili au watatu waulize maswali yale yale, kisha linganisha majibu.

1. "Utapima sufuria zangu?" Jibu liwe ndiyo. Mdomo wa jiko hutengenezwa kwa kufuata sufuria. Pale ambapo sufuria inazungukwa na ukingo, nafasi kati ya ukingo na sufuria iwe ndogo, kama sentimita 1, ili moto upite karibu na sufuria. Nafasi ikiwa kubwa joto linapotea. Ikiwa ndogo mno moto unakosa hewa na moshi unarudi.

2. "Hewa itaingia wapi?" Kwenye jiko zuri la kuni, kuni hukaa juu ya kijukwaa au chanja na hewa hupita chini yake. Fundi anayesema kuni zikae chini kwenye majivu hajui kazi hii vizuri.

3. "Mlango wa kuni utakuwa na ukubwa gani?" Mlango mkubwa unaonekana kuwa na faida, lakini unamfanya mpishi ajaze kuni nyingi na unaingiza hewa baridi. Jiko la familia linahitaji mlango mdogo na kuni zilizopasuliwa nyembamba.

4. "Utatumia nini kuzunguka chumba cha moto?" Sikiliza kama anataja kitu chepesi kinachozuia joto lisipotee, kama majivu, au udongo uliochanganywa na vumbi la mbao. Akisema ataweka saruji ya kawaida ndani ya chumba cha moto, kataa. Saruji hiyo inapasuka kwa joto kali. Mawe ya mtoni pia hayafai, kwa kuwa jiwe lenye maji ndani linaweza kupasuka kwenye moto.

5. "Litakauka kwa muda gani?" Kutegemea hali ya hewa, jiko la udongo mara nyingi huhitaji wiki mbili hadi nne, likiwa kivulini. Anayekuahidi kupika chakula cha jioni siku hiyo hiyo anakupa jiko litakalopasuka.

6. "Likipasuka ndani ya miezi mitatu utafanya nini?" Jibu hili liandikwe.

BEI NA MALIPO

Omba bei iliyogawanywa: vifaa kiasi gani, kazi kiasi gani. Hapo utajua kama unaweza kupunguza gharama kwa kuleta mwenyewe maji, nyasi au udongo. Bei ya chini kuliko zote isikuvute haraka. Muulize fundi huyo ameacha nini ambacho wenzake wameweka.

Usilipe fedha yote mwanzoni. Gawanya malipo mara tatu. Tuseme mmepatana shilingi 30,000 (huu ni mfano tu, si bei ya soko):

- 10,000 vifaa vikishafika nyumbani kwako na umeviona;
- 10,000 jiko likishajengwa;
- 10,000 jiko likishakauka na mkalipikia kwa wiki moja.

Fungu la mwisho ndilo linalomrudisha fundi. Fundi naye ana familia na hawezi kununua vifaa kwa fedha yake, kwa hiyo usimnyime malipo ya kwanza. Unachokataa ni kulipa kazi ambayo bado haijafanyika.

Ukilipa kwa simu, tunza ujumbe wa malipo. Ukilipa taslimu, lipa mbele ya shahidi na muandikiane. Karatasi ya daftari inatosha, kwa lugha mnayoielewa wote wawili:

"Mimi (jina), fundi, nitamjengea (jina) jiko la kuni la udongo lenye sehemu mbili za sufuria na bomba la moshi. Bei yote ni ... Nimepokea ... leo tarehe ... Nitapokea ... jiko likishajengwa, na ... baada ya wiki moja ya kupika. Likipasuka au likirudisha moshi kabla ya tarehe ..., nitalitengeneza bila malipo. Sahihi au dole gumba la fundi, la mwenye jiko, na la shahidi."

Kama hujui kusoma, mwombe mtu unayemwamini akusomee kabla ya kuweka dole gumba.

SIKU YA UJENZI

Uwepo nyumbani, au amwepo yule anayepika. Haya unaweza kuyaangalia hata kama hujui ufundi.

Mahali. Jiko lisiwe chini ya nyasi za paa zilizo karibu, wala pembeni ya ukuta wa turubai. Lisiwe mlangoni ambapo watoto wanapita, wala mahali upepo unapopiga moja kwa moja kwenye mlango wa kuni.

Udongo. Fundi afanye jaribio mbele yako. Anaviringisha udongo uliochanganywa kuwa donge na kuliacha likauke. Likipasuka sana, mfinyanzi umezidi na mchanga unahitajika. Likivunjika na kumomonyoka kama unga, mchanga umezidi. Jaribio hili linahitaji siku moja au zaidi, kwa hiyo lifanywe kabla ya siku ya ujenzi.

Bomba la moshi. Kama jiko lina bomba, lazima litoke nje na kupita juu ya paa. Bomba linaloishia chini ya paa linahamisha moshi kutoka sehemu moja ya chumba hadi nyingine. Pale linapopita, nyasi au turubai visiliguse, kwa sababu bomba linapata moto na cheche hutoka. Muulize fundi jinsi ya kulisafisha, maana masizi yakijaa moshi unarudi ndani.

JARIBU KABLA YA KULIPA FUNGU LA MWISHO

Moto wa kwanza uwe mdogo na wa muda mfupi, ili unyevu uliobaki utoke polepole. Ongeza siku hadi siku.

Kisha fanya jaribio la kuni. Gawa kuni kavu za aina moja katika mafungu mawili yenye uzito sawa. Muuza duka mwenye mizani anaweza kukusaidia. Chukua sufuria ile ile na maji ya kipimo kile kile. Chemsha kwenye mafiga kwa fungu la kwanza, halafu kwenye jiko jipya kwa fungu la pili. Pima kuni zilizobaki kila upande. Kama jiko jipya limetumia kuni sawa na mafiga au zaidi, mwite fundi aje kuona, na usilipe fungu la mwisho mpaka arekebishe.

Hakikisha pia kuni ni kavu na zimepasuliwa. Hata jiko bora linatoa moshi kwa kuni mbichi, na hilo si kosa la fundi.

USIDANGANYIKE

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Si kila anayepita nyumba kwa nyumba ni tapeli. Fundi mpya naye anatafuta kazi. Lakini kuwa mwangalifu na mtu anayefanya haya:

- Anasema ametumwa na shirika, na anataka fedha ya "kuandikishwa" ili upate jiko. Huduma za misaada ni za bure.
- Anataka namba ya kadi yako ya mgao au namba ya siri ya simu. Fundi wa jiko hana haja nazo.
- Anakuharakisha: "Leo ndiyo siku ya mwisho ya bei hii."
- Anataka mapenzi badala ya fedha, au anamtaka binti yako. Huo ni unyanyasaji. Awe fundi, mfanyakazi wa shirika au kiongozi, usimalizane naye kimya kimya. Toa taarifa kwa ofisi ya ulinzi ya UNHCR au shirika mshirika, au polisi. Una haki ya kuomba kuongea na mfanyakazi mwanamke, na taarifa yako itunzwe kwa siri.

FUNDI AKIKIMBIA NA FEDHA

Anza na mazungumzo. Mwonyeshe karatasi mbele ya shahidi na mpe siku maalumu ya kurekebisha. Akikataa, nenda kwa viongozi wa karibu ukiwa na karatasi au ujumbe wa malipo.

Uganda: anza na viongozi wa RWC kwenye eneo lenu. Kama fundi ni mwenyeji, mhusishe pia mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chake. Ikishindikana, nenda ofisi ya kamanda wa makazi, ambayo iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Kenya: Kakuma na Kalobeyei, anza na kiongozi wa bloku au kijiji na timu ya amani na ulinzi ya jamii, CPPT. Juu yao kuna ofisi ya Idara ya Huduma za Wakimbizi.

Tanzania: anza na viongozi wenu wa ndani ya kambi, halafu ofisi ya mkuu wa kambi, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani.

Kama ametumia vitisho au nguvu, nenda polisi moja kwa moja.

JAMBO LA MWISHO: MKAA NA BARIDI

Hakuna fundi anayeweza kukutengenezea jiko la mkaa salama la kuingiza chumbani ulale nalo. Mkaa unaowaka unatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Kutokuwepo kwa moshi hakumaanishi hakuna hatari. Usiku wa baridi, acha jiko nje hata kama mkaa unaonekana kuzimika. Kama mtu ameumwa kichwa, ana kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na mpeleke kituo cha afya.

Jiko lako likifanya kazi vizuri kwa mwaka mzima, mfungulie mlango jirani anayekuja kuliangalia. Mwambie ukweli wote, uzuri na kasoro. Naye anakaribia kutoa fedha ambayo hana nyingine.